Jiko la kwanza: nunua kikaango kimoja cha nonstiki, si seti nzima

Mpwa wangu amepanga chumba chake cha kwanza huko Kisauni. Juzi aliniletea picha ya seti ya nonstiki ya vyombo kumi, akaniuliza: "Shangazi, nichukue?" Pesa alizokuwa nazo ni akiba ya miezi mitatu. Nikamwambia asubiri kwanza.

Nilipoanza maisha nami nilinunua seti kama hiyo. Nikaipika juu ya jiko la makaa na kuikoroga kwa kijiko cha chuma. Haukupita muda, utando ukaanza kubambuka kwenye chapati za maji, nami nikarudi kuazima sufuria za mama. Haya ndiyo niliyojifunza.

Unachohitaji. Nonstiki ina kazi zake: mayai, chapati za maji, vibibi, samaki laini. Wali, mchuzi na maharagwe vinapikika vizuri kwenye sufuria za kawaida. Chapati za kusukuma zina chuma chake, na mahamri yana karai. Basi kikaango kimoja cha sentimita 24 hadi 28 kinamtosha anayeanza.

Aina za utando. Ule wa kawaida ni PTFE, ambao wengi huuita Teflon. Uligunduliwa Marekani mwaka 1938. Utando wa seramiki unastahimili moto zaidi, lakini kwa kawaida huanza kushika chakula mapema kuliko PTFE. Maneno "granite" au "marble" usiyachukulie kuwa ni jiwe. Mara nyingi ni PTFE iliyotiwa madoadoa, kwa hivyo usilipe zaidi kwa sababu ya jina.

Dukani. Kinyanyue ukipime uzito kwa mkono. Chepesi kama karatasi kitapinda, na juu ya meko ya gesi, ambapo moto hukusanyika katikati, kitaunguza chakula hapo katikati. Kiweke juu ya meza kavu, kikiyumba, kirudishe. Tikisa mpini uone kama umekazwa. Kigeuze kwenye mwanga utafute mikwaruzo na malengelenge. Kama unatumia jiko la induksheni, nenda na sumaku: isiponata chini ya kikaango, hakitakufaa.

Nyumbani. Moto uwe mdogo au wa kadiri. Usikiache kitupu juu ya moto: PTFE ikipita nyuzi 260 za Selsiasi huanza kuharibika, na ikizidi sana hutoa moshi unaoweza kumuumiza mtu na kuua ndege. Mwenye kasuku ndani ya nyumba ajihadhari zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo jiko la makaa halifai, maana moto wake ni mgumu kuudhibiti.

Tumia mwiko wa mti. Osha kwa sifongo laini, si kwa waya wala mchanga. Kiache kipoe kabla ya kukitia maji, kwani maji baridi juu ya chuma cha moto hukipinda. Ukipanga vyombo, tia kitambaa katikati.

Kikibambuka. Kipande kidogo ukikimeza hupita tumboni na kutoka bila kuyeyuka, kwa hivyo usipate hofu. Lakini kikaango chenyewe kimemaliza kazi, kitoe jikoni. Ndiyo maana nasema kimoja: kubadilisha kimoja si sawa na kubadilisha kumi.

Mpwa wangu hakuichukua ile seti. Alinunua kikaango kimoja kizito, sufuria mbili za alumini, mwiko na upawa, na zikabaki pesa za kujaza gesi. Jumapili alinialika, akanipikia chapati za maji. Hazikushika hata moja. Haba na haba hujaza kibaba, na jiko nalo hujaa hivyo hivyo.