Bahari Iliyotoweka Chini ya Uasin Gishu

Mji wa Eldoret, ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na mamia ya kilomita kutoka pwani, uko katika eneo ambalo hapo kale bahari nzima ilifungika na mabara yakagongana. Ushahidi wa tukio hilo hauonekani mjini kwenyewe, kwa kuwa uwanda wa Uasin Gishu umefunikwa na fonolaiti, yaani mwamba mgumu wa kijivu uliotokana na lava iliyomwagika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Hata hivyo, barabara inayoteremka kutoka Iten kwenda Tambach hulivuka tabaka hilo la lava pamoja na mashapo yaliyo chini yake, hadi kufikia naisi, miamba yenye mistari ambayo joto na mgandamizo wa kina kirefu viliigeuza umbo.

Naisi hizo ni sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, jina lililotolewa na mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes katika andiko lake la mwaka 1951, miongo minne baada ya kufanya utafiti nchini Msumbiji akiwa kijana. Ukanda huo, unaopita Tanzania na Kenya kuelekea Ethiopia, ni mabaki ya milima iliyoinuka wakati bahari ambayo leo huitwa Bahari ya Msumbiji ilipofungika, kati ya miaka milioni 650 na 550 hivi iliyopita, na bara kuu la Gondwana likaungana. Marumaru ya Ortum, Pokot Magharibi, hapo awali ilikuwa chokaa iliyotuama chini ya maji. Na katika vilima vya Sekerr, kama ilivyo Moroto nchini Uganda na Baragoi katika Samburu, kuna ofioliti, yaani vipande vya sakafu ya bahari vilivyosukumwa juu ya nchi kavu badala ya kuzama.

Umri wa miamba hiyo hupimwa hasa kwa zirkoni, fuwele ndogo zenye urani ambayo hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana. Mahali bara lilipokuwa hutafutwa kwa sumaku, kwa sababu lava inapopoa huhifadhi mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia. Lakini kipimo hicho hutoa latitudo tu, si longitudo, na joto lililozaa naisi mara nyingi lilifuta kumbukumbu ya awali. Ramani za Gondwana zinazochorwa kwa mipaka iliyonyooka zinapaswa basi kusomwa kama hoja, tena hoja ambayo upande wake wa mashariki na magharibi hutegemea kulinganisha miamba ya mabara yaliyotengana leo.

Gondwana nayo ilipasuka. Madagaska ilianza kuachana na pwani ya Afrika Mashariki miaka milioni 165 hivi iliyopita, na bahari iliyoingia katika nafasi hiyo iliacha karibu na Mombasa visukuku vya amonaiti, jamaa wa pweza waliokuwa na gamba lililojizungusha.

Baadaye sana nchi yenyewe iliinuka, na ushahidi wa ajabu zaidi wa jambo hilo ulitoka Loperot, Turkana, ambako mtafiti James Mead alichimbua mwaka 1964 kisukuku cha nyangumi mwenye mdomo mrefu. Kisukuku hicho kilipotea machoni pa watafiti hadi kilipopatikana tena Marekani mwaka 2011, na mwaka 2015 mtafiti Henry Wichura na wenzake wakaeleza kwamba nyangumi huyo alipanda mto kutoka Bahari ya Hindi miaka milioni 17 iliyopita. Loperot, ambayo leo ina mwinuko wa mita 620, wakati huo ilikuwa, kwa makadirio yao, kati ya mita 24 na 37 tu. Kwa kuwa mtiririko mrefu wa lava wa Yatta nchini Kenya, wenye umri wa miaka milioni 13.5, unaonyesha kwamba chanzo chake kilikuwa tayari juu ya mita 1,400, kuinuka kwa nyanda za juu za Kenya, zile zinazosifiwa na wanariadha, kulianza ndani ya muda ulio kati ya nyangumi huyo na lava hiyo.