Funza wa Embe

Funza aonekanaye ndani ya embe lililopasuliwa si zao la uozo, kama wengi wadhanivyo, wala haifai kumshutumu mchuuzi kwa uchafu wake. Ni buu la nzi wa matunda, ambaye jike lake hulitoboa ganda la embe lingali mtini kwa mrija mwembamba wa kutagia, akaacha mayai chini yake. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na mabuu meupe yasiyo miguu huila nyama ya tunda mpaka yakomae, ndipo yatokapo, aghalabu embe likiisha kuanguka, yakajifukia udongoni na kugeuka pupa.

Nzi wa jamii hii, *Ceratitis cosyra*, ni mwenyeji wa Afrika tangu kale. Walakini mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya mgeni kutoka Asia, *Bactrocera dorsalis*, naye akaenea kwa kasi, akawatia wakulima hasara kubwa. Na mwaka 2014, kwa sababu ya nzi hawa, Kenya yenyewe ikasimamisha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya, hali iliyodumu hadi 2021.

Alama ya embe lililotobolewa na nzi ni nukta nyeusi mfano wa tundu la sindano, pengine yenye tone la utomvu lililokauka. Baadaye mahali hapo hulainika, na kidole kikigusa hubonyea. Embe la namna hiyo, hata likilowekwa katika maji ya chumvi, halitatoka funza wake, kwani yumo nyamani: tegemeo ni kisu na jicho. Amezaye funza kwa bahati mbaya kwa kawaida hapati madhara, ila tunda lililochacha na litupwe.

Kuosha kuna kazi nyingine, nayo ni adhimu. Embe, hata lililo zima, huoshwa kabla ya kumenywa, kwa sababu kisu kipitacho juu ya ganda lenye vumbi na kinyesi cha ndege huupeleka uchafu ule ndani. Lisuguliwe kwa kiganja chini ya maji safi yatiririkayo, wala si katika ndoo moja iliyokwisha kuoshewa matunda mengi. Sabuni isitumiwe, kwani huweza kupenya ganda. Na pawapo hofu ya kipindupindu, maji yawe yamechemshwa. Lioshwe wakati wa kuliwa, maana unyevu huharakisha ukungu.

Maembe yenye funza yasiachwe chini ya mwembe, bali yafukiwe katika shimo la kina cha nusu mita au zaidi, ili nzi wapya wasipate njia ya kutoka.