René, yaani Renatus

Kina Renatus wamejaa Tanzania, hasa penye Wakatoliki wengi. Hata Askofu Mkuu wa Mwanza ni Renatus Nkwande. Akitokea Mfaransa aitwaye René, huyo ni somo wao, ingawa masikio hayatawaambia.

Jina ni la Kilatini: *re-* ni kurudia, *natus* ni aliyezaliwa. Wafaransa walilimega mpaka likabaki René. Mwanafalsafa René Descartes, aliyezaliwa mwaka 1596, alipoandika kwa Kilatini alilirudishia urefu wake na kujiita Renatus Cartesius.

Kwa Kiswahili tusemeje? Hapa ndipo hekaya ya Angers, magharibi mwa Ufaransa, inapoweza kumpoteza mfasiri. Inasimuliwa kwamba Askofu Maurilius, wa karne ya 5, alichelewa kumhudumia mtoto mgonjwa, mtoto akafa bila sakramenti. Askofu akatoroka kwa majuto. Safarini funguo za kanisa zikamponyoka, zikazama baharini. Yeye akaishia Uingereza akilima bustani ya watu. Waumini waliomtafuta walizikuta funguo zile ndani ya tumbo la samaki. Waliporudi naye Angers alisali kaburini, mtoto akaamka, akaitwa Renatus. Watu wa Angers walilipenda jina hilo: mtawala wao mashuhuri, aliyezaliwa kwenye ngome ya mji huo mwaka 1409, ni Mfalme René.

Kwa hekaya hiyo mtu angeshawishika kutafsiri “aliyefufuka”. Hapana. Ufufuo una jina lake, Anastazia, kutoka Kigiriki. Renatus ni jina la kisimani: Wakristo wa kale waliuona ubatizo kuwa uzazi wa pili, na hakuna anayehitaji kufa kwanza ili abatizwe. Tafsiri inayokaa ni “aliyezaliwa upya”. “Mlokole” nayo haifai, maana siku hizi inataja mtu wa madhehebu fulani, na Maurilius asingeielewa hata kidogo.

“Aliyezaliwa upya” ina faida nyingine: haibagui mume wala mke. Kifaransa humwongezea mwanamke herufi, Renée, lakini kwa matamshi hana tofauti na René, hivyo anayeitwa kwa sauti hajulikani ni nani mpaka ageuke. Tanzania haina shida hiyo. Wasichana huitwa Renata, na wengi huandika Renatha, kwa *h* ambayo Kilatini hakikuwahi kuidai.