Matoroli ya Bad Dürkheim na Barabara ya Mvinyo

Jua likizama Bad Dürkheim mwezi wa Septemba, meza ndefu za mbao hujaa hadi pembeni. Watu wasiojuana hubanana kwenye benchi moja, glasi ya nusu lita hupita mkono kwa mkono, na nyimbo huendelea hadi usiku mwingi. Sherehe hii huitwa Wurstmarkt, yaani Soko la Soseji, ingawa kinachovuta watu zaidi ya 600,000 kwenye mji huo mdogo wa Ujerumani ni mvinyo wa mkoa wa Pfalz.

Ilianza na ibada. Katika karne ya 15 mahujaji walipanda kilima cha Michaelsberg kwenda kanisa dogo la Mtakatifu Mikaeli, ambaye sikukuu yake ni Septemba 29. Wakulima wa bondeni walijua kwamba aliyepanda kilima hushuka na njaa na kiu. Wakapakia mapipa, mikate na soseji kwenye matoroli, wakayasukuma hadi walipopita mahujaji. Vibanda vya mvinyo vya sherehe ya leo bado huitwa kwa jina la matoroli hayo, Schubkärchler, na glasi yake yenye vibonyo, Dubbeglas, haiponyoki hata kwenye kiganja chenye mafuta ya soseji.

Karibu na uwanja huo limelala pipa kubwa lililojengwa mwaka 1934, lenye nafasi ya lita milioni 1.7. Halijawahi kutiwa mvinyo. Ndani yake mna mkahawa.

Mwaka mmoja baadaye ikaja barabara, na habari ya barabara ni nzito zaidi. Oktoba 19, 1935, Josef Bürckel, kiongozi wa Chama cha Nazi katika Pfalz, alifungua Deutsche Weinstraße, Barabara ya Mvinyo ya Ujerumani. Ina urefu wa kilomita 85 hivi, kutoka Bockenheim hadi Schweigen mpakani mwa Ufaransa, ambako mwaka 1936 lilijengwa lango kubwa la mawe. Lengo lilikuwa kumleta mnunuzi shambani kwa gari, aonje, ale, alale, arudi kwao na chupa. Mavuno yalikuwa mengi, na mvinyo ulikuwa umedoda.

Ulidoda kwa nini? Kabla ya 1933, sehemu kubwa ya biashara ya mvinyo wa Pfalz ilikuwa mikononi mwa Wayahudi. Wao ndio walionunua kwa mkulima na kuuza katika miji ya mbali. Wanazi waliwasusia, wakawabana, wakawatoa sokoni. Kwa hiyo utawala uliovunja daraja kati ya shamba na mnywaji ndio uliokuja kujivunia kujenga barabara. Oktoba 22, 1940, Bürckel na mwenzake wa mkoa jirani wa Baden waliwakamata Wayahudi zaidi ya 6,500 wa maeneo yao, wakawasafirisha kwa treni hadi kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa. Kuanzia 1942 wengi wao walipelekwa Auschwitz wakauawa.

Desturi ya kutembelea mashamba ya mizabibu ilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia bila kubeba kumbukumbu hiyo. Alsace, Ufaransa, ilipata barabara yake mwaka 1953. Stellenbosch, Afrika Kusini, ilifuata mwaka 1971, baada ya mkulima Frans Malan kuona njia ya namna hiyo huko Burgundy, Ufaransa. Katika Pfalz yenyewe, kila Jumapili ya mwisho ya Agosti, magari huzuiwa, na barabara nzima huachiwa waendao kwa miguu na baiskeli, kutoka kijiji hadi kijiji, glasi kwa glasi.

Ni furaha halali, na wakulima wa leo wameitolea jasho. Lakini msafiri atakayepita miji ya Neustadt au Landau, kabla ya kuketi kwenye meza ya jioni, atazame chini: kati ya mawe ya njia ya miguu kuna vibao vidogo vya shaba, kila kimoja na jina la mtu aliyeishi katika nyumba iliyo mbele yake kabla ya kuchukuliwa. Ainame asome.