Mfano wa Jiwe

Uwanda wa Kyela, tangu Katumba Songwe hata Matema kwenye ncha ya Ziwa Nyasa, ni nchi ya tope, mpunga na maji. Jiwe huko ni kama mgeni aliyeshuka kutoka milimani, na asili yake haifichiki. Likitoka mashariki, kwenye Milima ya Livingstone, ni jiwe la kale mno, lenye mistari myeupe na myeusi iliyopindana, kwa kuwa lilipikwa na kukandamizwa chini ya ardhi. Likitoka kaskazini, upande wa Rungwe, ni zao la moto: basalti nyeusi, iliyofanya Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, au lile jiwe jepesi lenye matundu, ambalo mlima Rungwe ulilitema kwa wingi yapata miaka 4,000 iliyopita. Asiyepata kusoma elimu ya miamba huyapambanua mawe haya kwa kuyatazama tu. Jicho huona nini? Swali hilo halikumsumbua mtu sana mpaka ilipotakiwa kompyuta ichore jiwe likubalike kuwa jiwe.

Jibu la kwanza lilikuwa kulivika umbo picha, kama mto uvikwavyo foronya. Edwin Catmull alieleza njia hiyo mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 1978 James Blinn akaongeza hila yake: uso ulio laini ulipewa vivuli vya uso wenye mikwaruzo, na macho yakasadiki kuwa mikwaruzo ipo. Lakini foronya ina mshono. Picha ndogo ikitandazwa ukutani hujirudia, na jiwe likivunjwa pembeni, mstari wa juu haukutani na mstari wa ndani, kwa sababu ndani hamna kitu.

Ken Perlin aliyaona mapungufu hayo kwa karibu. Alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya filamu ya Tron, iliyotoka mwaka 1982, na hakuridhika na usafi wa mashine uliojaa katika picha zake. Mwaka uliofuata alianza kutunga kanuni, akaichapisha mwaka 1985. Nafasi yote hudhaniwa kuwa imejaa kimia. Penye kila fundo la kimia huwekwa mwelekeo wa kubahatisha, kisha nafasi iliyo baina ya mafundo hujazwa polepole, pasipo mruko. Kanuni hiyo iliitwa kelele, ingawa haina sauti. Juu ya mawimbi makubwa huongezwa madogo yenye nguvu pungufu, na juu ya hayo madogo zaidi. Ili kupata marumaru, huchukuliwa mistari iliyonyooka ikavurugwa kwa kelele hiyo; na hapa ndipo penye ajabu, kwa maana jiwe la Livingstone nalo lina mistari iliyopindwa na nguvu za ardhi. Tena kanuni hujaza umbo zima, si ngozi yake tu. Mwaka ule ule Darwyn Peachey alifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe: ukilikata jiwe la hesabu popote, mshipa wake unaendelea ndani. Perlin alitunukiwa tuzo ya ufundi na chuo cha filamu cha Marekani mwaka 1997.

Jiwe la Rungwe lilingoja kidogo. Mwaka 1996 Steven Worley alionyesha kwamba nukta zikitawanywa ovyo, na kila mahali pakapimwa umbali wake hadi nukta iliyo karibu, hutokea vyumba na matundu.

Mawe hayo yote yalifaa sana filamu na michezo, maana hayana kwao. Kilwa Kisiwani mambo ni mengine. Magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na tangu 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanzishwa na Heinz Rüther, uliyapima kwa leza, nukta kwa nukta. Katika kazi ya namna hiyo picha za kamera ndizo ziupazo mfano rangi, na hivyo foronya ya Catmull imerudi kwa heshima. Imerudi na kasoro zake vilevile: kamera hunasa kivuli cha saa ile, na kivuli cha adhuhuri hubaki ukutani hata mwanafunzi akiligeuza jua la kompyuta kuwa la magharibi.

Hatari kubwa ni mapengo. Leza haioni nyuma ya nguzo wala ndani ya ufa mwembamba, na kanuni ya Perlin iko tayari kuziba kila tundu kwa jiwe lisilotofautika na matumbawe. Kwa mchoraji wa filamu huo ni ustadi. Kwa mwanahistoria ni ushahidi wa uongo. Mwanafunzi anayesoma Husuni Kubwa kwa mbali angeweza kuhesabu mawe ambayo hakuna mwashi aliyeyapanga, akapima chokaa ambayo haikuchomwa katika tanuri lolote, akakadiria umri wa ukuta kwa hayo. Pengo likiachwa jeusi, huchukiza macho, lakini mwanafunzi huyo hujua kwamba hapo hana budi kuvuka maji akauangalie ukuta wenyewe.