Sauti kwa Macho: Wachezaji Viziwi katika Michezo ya Vita ya Kompyuta

Katika michezo ya kompyuta ya kupigana kwa bunduki na kwa mbinu, sauti si pambo; ni habari. Mchezo wa Counter-Strike, uliotokea mwaka 1999, waonyesha jambo hilo waziwazi. Mchezaji akikimbia, vishindo vyake husikika na adui, akinyata, havisikiki. Bomu likitegwa hulia, na mlio wake huzidi kwenda mbio kadiri saa ya kulipuka inavyokaribia. Watu wa upande mmoja nao huarifiana kwa mdomo. Kwa hiyo kijana kiziwi wa Kiseke, mkoani Mwanza, achezapo na wenzake wasikiao, huweza kupigwa na adui ambaye wao wamekwisha kumsikia. Upungufu huo si wa akili yake, bali ni wa mchezo utoao habari kwa njia moja tu.

Dawa ya kwanza ilikuwa maandishi. Half-Life 2, mchezo wa bunduki wa mwaka 2004, uliweza kuandika kwenye kioo si maneno ya wahusika peke yake, bali na milio pia. Hata hivyo, neno "vishindo" likiandikwa halisemi vyatoka upande gani. Mwaka 2018 Fortnite ilileta dawa ya pili, kwanza kwa wachezao kwa simu, nayo ni alama zionyeshazo kwa macho upande itokako sauti. Katika Marekani, sheria ya mwaka 2010 ilidai kwamba mawasiliano ya namna hii yawafae na wenye ulemavu; lakini michezo ya video ilisamehewa hata mwisho wa mwaka 2018.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Mfasiri wa Kiswahili aweza kushawishika kutumia tanakali za sauti, kwa kuwa lugha hii inazo tele: "pu!", "kwa kwa kwa!" Lakini tanakali huigiza sauti kwa ajili ya sikio, na asiyepata kusikia hana cha kuilinganisha nayo. Ahitajicho ni jina la kitu, upande na umbali: "Mtu anakimbia, kushoto, karibu." Tena, shule ya kwanza ya viziwi nchini Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na viziwi wengi wamekipata Kiswahili darasani, kwa maandishi, huku lugha yao ya mazungumzo ikiwa Lugha ya Alama. Maandishi ya Kiingereza huwatwika mzigo wa lugha ya tatu, na risasi haimngoji msomaji.

Wako wasemao kwamba alama hizo huondoa usawa. Hoja hiyo ina uzito endapo alama itafichua zaidi ya yale ambayo sikio lingesikia. Ikionyesha yale yale, haimpi kiziwi faida ya ziada. Yamrudishia tu habari ambayo mwenzake alikuwa nayo tangu mwanzo. Baada ya hapo, atakayeshindwa atakuwa ameshindwa kwa mbinu.