Negativu za Mbarara, fremu za Kagondo

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilitukuta alasiri. Ukubwa wake ulikuwa 5.9, na wengi mnakumbuka habari za Bukoba: watu waliokufa, shule za Ihungo na Nyakato zilivyobomoka, familia zilizolala nje chini ya maturubai wiki nzima. Kagondo kwetu hakufa mtu. Ukuta wa sebule ya shangazi ndio ulioanguka kwa ndani, na fremu zote zikaenda nao.

Zilikuwa picha tisa. Babu amevaa kanzu na koti juu, mkono mmoja kwenye meza ndogo yenye ua la plastiki, nyuma yake pazia lililochorwa ngazi za jumba ambalo hakuna aliyewahi kulikanyaga. Harusi ya baba mdogo. Shangazi mwenyewe siku ya komunyo ya kwanza, amenuna. Mvua za vuli zilikuta vifusi bado havijaondolewa, na kufikia Novemba zilikuwa zimebaki mbili. Nilienda Bukoba mjini kuulizia negativu kwenye studio iliyopiga ile ya babu. Pale sasa wanauza vifaa vya simu. Kijana wa dukani alinijibu kwa adabu kwamba mwenye studio alishafariki, na "yale makaratasi yake ya zamani" yalichomwa walipokuwa wanasafisha stoo.

Basi hapo ndipo nilipoanza kufuatilia watu wanaofanya kazi ya kuzuia moto wa namna hiyo. Nilidhani nitawapata Dar es Salaam. Nikawapata jirani zaidi, ng'ambo ya mpaka wetu wa Mutukula.

Mwaka 2011 watu wawili, Andrea Stultiens, mpiga picha kutoka Uholanzi, na Canon Rumanzi, msanii wa Uganda, walianzisha History in Progress Uganda. Kwa kifupi wanaiita HIPUganda. Usiiwazie kama jumba lenye mlango, tiketi na mlinzi. Ni zaidi kama nyumba ya maonyesho inayotembea: leo iko kwenye ukuta wa makumbusho, kesho kwenye kitabu, kesho kutwa kwenye Facebook. Haiuzi picha. Inachofanya ni kwenda kwa mtu mwenye picha za zamani, kuzipiga picha au kuzipitisha kwenye skana, kumwachia mwenyewe mali yake, kisha kuzionyesha ili watu waseme wanachokijua. Nani huyu? Hapa ni wapi? Mbona huyu wa pembeni hana viatu? Mara nyingi jibu hutoka kwa mjukuu aliye mbali, anayeona sura ya bibi yake kwenye simu bila kutarajia.

Yote yalitanguliwa na mtu mmoja ambaye kwa maoni yangu anastahili sanamu. Kaddu Wasswa, mzee wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa ametunza maisha yake yote katika karatasi: barua, picha, vipande vya magazeti, maandishi ya miradi iliyofaulu na iliyokufa. Stultiens alikutana naye kupitia mjukuu wake, mpiga picha Arthur Kisitu, na mwaka 2010 watatu hao wakatoa kitabu pamoja, na majina yote matatu yakawekwa kama waandishi. Ninalitaja hili la majina kwa makusudi. Vitabu vingapi vya picha za Afrika vina jina la mwenye picha mbele, na mzee aliyeketi mbele ya lenzi hana hata jina la kwanza?

Halafu akaja Musa Katuramu. Huyu alikuwa fundi seremala na mwalimu wa useremala Mbarara, na kuanzia miaka ya 1930 alikuwa na kamera. Aliwapiga watu wa Ankole: machifu, ndio, lakini pia jamaa zake, wanafunzi, kina mama waliojipanga mbele ya nyumba, vijana waliojaribu pozi. Negativu zilibaki kwa familia, mwanawe akazitunza, na HIPUganda ikazitoa katika kitabu cha kwanza kabisa cha picha zake mwaka 2014. Mimi nikiziangalia huwa nasahau kwamba ni Uganda. Migomba ni ileile, busuti na kanzu ni zilezile, na namna ile ya kusimama wima kama mtu anayesubiri kusomewa jina kanisani, hiyo nimeiona kwa babu. Kutoka Mbarara hadi Bukoba si mbali. Aliyetutenganisha ni Mwingereza na Mjerumani na kalamu yao.

Mfululizo wa vitabu vyao unaitwa Ebifananyi. Mswahili akilisikia neno hilo hahitaji mkalimani: ndani yake kuna kufanana. Kwa Kiganda, ekifananyi ni kitu kinachofanana na kitu kingine, na humo huingia picha ya kamera, mchoro wa penseli, hata rangi ukutani. Sisi tulichukua "picha" kwa Waingereza, na kabla ya hapo Waswahili wa pwani walisema "sanamu" wakiwa na maana hiyohiyo pana. Stultiens alitumia neno hili kama msingi wa utafiti wake wa udaktari, aliouwasilisha Leiden mwaka 2018, akiuliza kama fotografia nchini Uganda imewahi kweli kuwa kitu kilichotengwa na michoro. Swali zuri. Na mimi nilifurahi, kwa sababu pazia lile lenye ngazi nyuma ya babu lilikuwa mchoro ndani ya picha, na hakuna nyumbani aliyewahi kuliona kama uongo.

Lakini kuna picha moja katika kazi yao inayonigusa kwa upande mwingine kabisa.

Aprili 1875 Henry Morton Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa I. Alikuwa na kamera, akampiga Kabaka akiwa na wakuu wake. Ilichorwa upya kwa ajili ya kitabu chake cha 1878, na kutoka hapo ikachorwa tena na tena hadi sura ya Mutesa ambayo Mganda yeyote anaijua leo. Kitabu kimoja katika Ebifananyi kinaifuatilia safari hiyo. Sasa sikia upande wetu. Mwisho wa mwezi uleule wa Aprili, akirudi kusini katika boti yake Lady Alice, Stanley alitua Bumbire, kisiwa kilichomo katika wilaya yetu hiihii ya Muleba. Wenyeji waliivuta boti nchi kavu na kumnyang'anya makasia. Akajiokoa kwa kupiga risasi. Agosti akarudi akiwa na mitumbwi na wapiganaji wa Buganda, akasimama majini mbali na mishale, akawamiminia risasi watu waliokuwa ufukweni. Aliandika mwenyewe habari hiyo kwenye magazeti, kwa majivuno, na hata Uingereza kuna waliochukizwa.

Safari ileile, mtu yuleyule. Mutesa alipata ekifananyi. Bumbire ilipata risasi, na waliokufa hawana sura. Ninapoona Waganda wakibishana kwa raha kuhusu kofia ya Mutesa katika picha ile, siwaonei wivu, ila nakaa kimya kidogo.

Hata hivyo si kwamba Kagera haikupigwa picha kabisa. Hermann Rehse alichapisha kitabu chake kuhusu Kiziba huko Stuttgart mwaka 1910, na picha zimo. Tatizo ni kwamba ziko Stuttgart. Na picha za serikali nazo zina ugonjwa wake. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda, Kampala, ilionyesha sehemu ya negativu takriban 70,000 zilizokutwa kwenye shirika la utangazaji la Uganda, kazi ya wapiga picha wa Idi Amin. Humo Amin anakagua, anacheka, anahutubia. Kwa sisi tuliovamiwa Oktoba 1978, ambao wazee wetu wanakumbuka daraja la Kyaka likilipuliwa na ng'ombe wakiswagwa kuvuka mpaka, picha hizo ni nusu tu ya habari, na ni ile nusu aliyoitaka yeye. Ndiyo maana naona sanduku la seremala lina thamani kuliko kabati la wizara.

Niseme na lile linalonikera, maana sitaki mfikiri nimepigwa upofu. Kazi hii kwa kiasi kikubwa imebebwa na mtu wa Uholanzi, na mwaka 2017 maonyesho makubwa ya Ebifananyi yalifanyika Antwerp, Ubelgiji. Sijawahi kuona nakala hata moja ya vitabu hivyo dukani Bukoba. Mtu anaweza kusema tumehama kutoka Stuttgart kwenda Antwerp, basi. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu mwenye negativu amebaki nazo, na jina lake limeandikwa. Ila natamani mfano wa Lubumbashi, ambako mwaka 2008 Sammy Baloji na wenzake, wengi wao watoto wa mjini hapohapo, walianzisha shirika lao wakaliita kwa Kiswahili kitupu: Picha. Likazaa maonyesho ya kila baada ya miaka michache, na huko ni wageni wanaofunga safari kwenda Katanga. Baloji mwenyewe alijulikana kwa kuchukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi na kuzibandika juu ya magofu ya migodi hiyohiyo. Hakusubiri mtu aje kumfungulia kabati.

Shangazi ana picha zake mbili zilizopona. Krismasi iliyopita nilizipiga kwa simu, mbele na nyuma, nikamwomba anitajie majina. Katika ya harusi wapo watu 23. Alinitajia 17 bila kusita, pamoja na nani alikuwa na deni kwa nani, kisha akanyamaza kwenye sura ya mwanamke mmoja mrefu wa mstari wa nyuma.

"Huyu muulize Ma Koku wa Kamachumu," akasema. "Lakini uende mapema, mwanangu, anaumwa."

Nilienda Jumapili iliyofuata.